Musherekha Haumo Kitabuni

Chuo Kikuu, Nairobi
14 Februari 1988

Mjomba Joram,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama, na majirani wote wa Nyalenda wanaopanga foleni kwenye bomba lenu wakikuchungulia begani ukisoma barua zangu. Mimi ni mzima. Chakula cha bwenini ni kile kile, maharage yana mawe, na siku nyingine ni mawe yana maharage.

Sasa tuongee. Nimesikia Baba Mdogo Zadock alisimama mbele ya kanisa lao Kombewa akatangaza eti binti wa marehemu kaka yake amekwenda Nairobi miaka minne kusomea kupika ugali. Watu wakacheka. Wacheke, meno ni yao. Lakini Seline, binti yake mwenyewe, ameniandikia kwamba siku hiyo ulikuwa umemsindikiza Mama, ukacheka mpaka ukatoa kitambaa kufuta machozi. Wewe, Mjomba! Mpishi mkuu wa hospitali! Haki ya Mungu, hilo limeniuma kuliko maneno ya Zadock.

Kupika najua. Ulinifundisha mwenyewe, ukinisimamisha juu ya kreti ya soda ili nifikie sufuria. Ninachosomea ni lishe ya wagonjwa: mtu wa kisukari ale nini, wa figo aache nini, mtoto aliyevimba miguu kwa njaa aanzishiwe nini asife kwa kushibishwa haraka. Tunasoma kemia na wale wa udaktari, darasa moja, mtihani mmoja, na mtihani uliopita niliwaacha wengi wao nyuma.

Baba Mdogo amenitafutia nafasi chuo cha ualimu, anataka nijibu kabla ya Pasaka. Nimeshamjibu kwa neno moja: sitaki. Akikuuliza, mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie ukali.

Na Mama je? Seline anasema viatu havimwingii tena. Mbona hukuniandikia?

Ni mimi mpwa wako ambaye bado ana hasira,
Benta


Nyalenda, Kisumu
9 Machi 1988

Benta, binti ya dada yangu,

Salamu zako zimefika, na majirani wamezipokea kabla yangu. Sisi hapa tunavuta siku. Mvua imeanza, njia ya kwenda bomba imekuwa tope tupu, Muhidin dereva wa basi amepata mtoto wa nne. Doa la mafuta hapo chini kwenye kona ni kidole changu. Naandika jikoni kazini, sufuria ya uji inatokota, na unajua barua zangu zote hutoka hivyo.

Kucheka nilicheka, sikatai. Miaka kumi na tisa napikia wagonjwa mia nne na hakuna aliyewahi kunivika joho. Nilipofikiria wewe unavikwa joho kwa ajili ya ugali, cheko lilinishika mbele ya mchungaji. Lakini Zadock aliponifuata nje ili nikushawishi uache chuo, nilimwambia mtoto huyu nilimlea mimi, na asinifundishe. Hilo Seline hakukuandikia, kwa sababu hakulisikia.

Mama yako nilimhamishia kwangu tangu Januari ili awe karibu na hospitali. Miguu imejaa maji. Daktari anasema ni figo, na presha iko juu. Alimpa karatasi imeandikwa aache chumvi, basi, hakuna aliyemweleza zaidi. Dada yangu aliipachika ndani ya Biblia akaona kazi imekwisha.

Nimempikia bila chumvi. Yawa! Anasukuma sahani. "Joram, umenipikia nyasi." Anakula vijiko vitatu kwa siku, amekonda usoni huku miguu inanenepa.

Nina swali, wewe mwenye vitabu. Kwetu Bungoma mama yetu alipikia mboga musherekha. Uliuona ulipokuwa mdogo: tunachoma maganda ya maharage na ya ndizi, majivu tunayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, tunamimina maji, yanadondoka maji ya rangi ya chai. Ukipikia kunde, zinalainika, zinapata ladha, hata hukumbuki chumvi ya duka. Je, nimwekee? Mama yako mwenyewe ameuliza. Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Joram Wakhisi


Chuo Kikuu, Nairobi
30 Machi 1988

Mjomba wangu,

Nimekusamehe lile cheko, kwa sababu ya ulivyomjibu Zadock. Mpe Muhidin pongezi, na umwambie mama wa mtoto anyonyeshe, asianze kumpa uji akiwa na miezi miwili kama walivyofanya kwa wale wengine.

Barua yako niliipokea saa nne, saa tano nilikuwa maktaba. Nimefungua kitabu chetu kikuu, kinene kama tofali, sura ya figo na presha. Aache chumvi ya mezani, nyama ya kopo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, hamira, majarini. Orodha inajaza kurasa mbili na nimeipitia neno kwa neno. Musherekha haumo.

Kwa hiyo mpe. Ni majivu ya mimea tu, Mjomba. Chumvi mbaya ni ile ya duka. Mpe kila siku akitaka, ilmradi ale. Umeona sasa? Daktari alitoa karatasi akaenda zake. Mimi nimetoa jibu ambalo Mama anaweza kulila.

Na Zadock mwambie hivi: kabla sijamaliza hata mwaka wa tatu, nimeshamhudumia mgonjwa wangu wa kwanza.

Msalimie Mama. Mwambie asiache sahani na kitu.
Benta


Nyalenda, Kisumu
22 Juni 1988

Benta,

Hatujambo, na tunatumaini nawe hujambo. Barua zako mbili za Mei nilizipata. Kazi zilizidi, nisamehe.

Mama yako yupo. Anakusalimu. Anakula.

Musherekha tumeacha, ulikuwa unatuchosha kuutengeneza. Hicho kitabu chako, kiliandikwa wapi?

Likizo hii usije. Nyumba inapakwa rangi, hakuna pa kulala.

Soma kwa bidii.
Mjomba Joram


Chuo Kikuu, Nairobi
10 Julai 1988

Mjomba,

Salamu kwako na kwa fundi wa rangi. Nyumba ya Nyalenda inapakwa rangi! Tangu lini? Mwenye nyumba ambaye hajaziba tundu la paa tangu nikiwa darasa la nne, leo amenunua rangi?

Halafu barua yako. Nimeigeuza huku na huku. Haina doa. Nina barua zako ishirini na moja ndani ya sanduku na kila moja ina kidole chako cha mafuta pale kwenye kona, na hii ni safi kama ya karani. Inanuka sabuni ya mche. Mjomba, unaandikia wapi siku hizi?

Umeniuliza kitabu kiliandikwa wapi. Kiliandikwa Uingereza. Nilikuwa sijawahi kujiuliza, na ulipouliza nilirudi kukisoma upya nikaona aibu. Kuna kurasa nzima za viazi na jibini. Hakuna kunde, hakuna mrenda, omena, dagaa wetu wa ziwani, hawajui ni nini. Sasa nikikuambia musherekha haumo, nimekuambia nini? Nimekuambia Mwingereza hajawahi kuuonja.

Nilimwendea Daktari Nicodemus, mwalimu wetu wa kemia ya chakula, nikamwomba nipime musherekha maabara. Akasema maabara ya Chuo Kikuu si jiko la kijijini. Nikamwambia, Daktari, wagonjwa wetu wote wanatoka kwenye jiko hilo hilo. Akaniambia nitoke. Nikatoka, nikakaa mlangoni pake siku tatu, kila akipita namwamkia kwa adabu, "Shikamoo Daktari, majivu yangu je?" Siku ya tatu akasema nilete chupa, ili tu apate kupita mlango wake kwa amani.

Kwa hiyo nitumie chupa moja. Nieleze na hali ya Mama kwa maneno kamili, si "yupo." Hata kiti kipo.

Benta


Nyalenda, Kisumu
28 Julai 1988

Benta,

Chupa nimemkabidhi Muhidin, atakupa mkononi, usimcheleweshe kituoni.

Kuhusu sabuni, mtu hawezi kuoga siku hizi? Mama yako anaendelea. Usiniulize tena.

Joram


Chuo Kikuu, Nairobi
19 Agosti 1988

Mjomba wangu mpenzi,

Leo sina salamu ndefu.

Tumepima. Chumvi ya duka ndani ya musherekha ni kidogo sana, nilikuwa sawa hapo. Lakini umejaa potasiamu. Hayo ni madini yaliyomo kwenye ndizi na mboga, mazuri kabisa kwa mtu mwenye afya, mwili wake huchukua yanayohitajika na figo huyatoa mengine kwenye mkojo. Figo za Mama haziwezi kuyatoa. Yanabaki kwenye damu, yakizidi, moyo unakosa mapigo, na unaweza kusimama. Daktari Nicodemus mwenyewe alirudia kipimo mara mbili, kisha akaketi, akaniuliza nani anakula kitu hiki. Nikasema mama yangu. Akauliza nani alimruhusu.

Mimi, Mjomba. Niliandika "mpe kila siku." Niliandika kwa majivuno, nikamtupia na Zadock dongo. Kama ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli. Sikujua kusema sijui.

Ulijua, sivyo? Ndiyo maana mkaacha. Ndiyo maana nyumba inapakwa rangi.

Naomba unijibu jambo moja, na usinifiche kwa sababu ya mitihani wala kwa sababu ya kunipenda. Mama yuko hai?

Benta


Nyalenda, Kisumu
27 Agosti 1988

Binti yangu,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili uketi chini. Yuko hai na amekaa hapa ninapoandika, anachambua mchele, ananiuliza naandika nini kirefu hivi.

Sasa yote. Tarehe tatu Mei alianguka bomani kwa jirani, mikono imelegea, hawezi kuinua hata kikombe. Tulimbeba mpaka hospitali kwa mkokoteni wa maji. Moyo ulikuwa unakwenda na kusimama, unakwenda na kusimama. Alilala siku kumi na saba. Daktari aliuliza amekula nini, nikasema, musherekha. Hata yeye hakuujua, lakini aliposikia majivu alielewa. Akauliza, nani alikushauri umpe mgonjwa wa figo? Nikasema hakuna, ni kichwa changu mwenyewe.

Ulitaka niseme nini? Zadock alikuwa amesimama pale pale kitandani, anasubiri neno moja tu la kukutoa chuoni. Sikumpa.

Wakasema mpishi mkuu aliyekaribia kumuua dada yake hawezi kuachiwa sufuria za wagonjwa. Nimepelekwa kwa dobi. Nafua mashuka. Ndiyo sabuni unayoinusa, umeridhika? Si kazi mbaya. Mashuka hayalalamiki chumvi.

Nakuomba kitu kimoja, Benta, na sijawahi kukuomba kitu. Nyamaza. Barua yako ya Machi iko chini ya godoro, nitaichoma. Umebakiza mwaka na kidogo. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, naweza kuimaliza kwenye maji ya sabuni. Wewe vaa joho. Nitacheka tena, safari hii kwa haki.

Mjomba wako daima,
Joram


Chuo Kikuu, Nairobi
12 Septemba 1988

Mjomba Joram,

Msalimie Mama, mwambie nimelia siku mbili na leo nimenawa uso.

Barua ile usiichome. Ukiichoma nitaandika nyingine inayosema maneno yale yale, na tarehe ile ile juu yake. Sinyamazi. Umenilea miaka yote, hujui hilo?

Nimeshaandika barua tatu, zimeondoka na posta ya leo asubuhi, kwa hiyo hata ukikasirika umechelewa. Ya kwanza ni kwa daktari wa Mama: nimemweleza kwamba ushauri ulitoka kwangu, mwanafunzi wa lishe, kwa maandishi, na mpishi wake aliuliza kabla ya kutenda, jambo ambalo wengi hawafanyi. Nimemwambatishia vipimo. Nimemuuliza pia, kwa heshima zote, kwa nini mgonjwa alipewa karatasi ya maneno mawili bila mtu wa kumkalisha chini na kumuuliza, mama, nyumbani mnapikia nini? Ya pili ni kwa mkuu wa idara yetu. Ya tatu ni kwa Baba Mdogo Zadock. Afadhali alisikie kwangu kuliko aliokote Kombewa sokoni.

Najua wanaweza kunifukuza. Usidhani sijaogopa. Lakini siwezi kuvaa joho hali wewe unafua mashuka kwa kosa langu. Nitakuwa mtaalamu wa nini basi?

Mama asiguse musherekha tena. Mboga umchemshie kwa maji mengi, umwage maji yale, ndipo ukaange kwa kitunguu. Najua mpishi ndani yako anapiga kelele. Mwaga. Ladha utaipata kwa kitunguu saumu na matone machache ya limau. Na wiki hii peleka kila ninachokuandikia kwa daktari kwanza, akisome, akikubali ndipo upike.

Benta


Chuo Kikuu, Nairobi
2 Desemba 1988

Mjomba wangu,

Heri ya Krismasi inayokuja. Nilipata kimya chako cha miezi miwili na nusu, nimekielewa. Kasirika tu, lakini soma.

Waliniita mbele ya kamati. Watu watano, meza ndefu, birika la chai ambayo sikukaribishwa. Wakauliza nani alinipa ruhusa ya kumtibu mtu. Nikasema hakuna, nimekosa, na sitafuti pa kujifichia. Wakauliza nilichukua wapi ushauri ule. Nikafungua mkoba, nikakiweka kitabu mezani, sura ya figo, nikawaomba wanionyeshe ukurasa wa musherekha. Wakakipekua, hawakuuona. Nikasema kosa la kusema najua ni langu peke yangu, lakini mkimaliza kuniadhibu, ukurasa huu bado utakuwa haupo, na mwanafunzi mwingine ataufungua kesho.

Mmoja wao, mzee wa miwani, akasema naringa sana kwa kazi ambayo nchi hii haina hata daftari la kuwasajili wanaoifanya. Nikamjibu, litakuwepo, Mzee. Siku watakapolifungua nitapanga foleni, na wakiniuliza makosa yangu nitawatajia hili la kwanza.

Daktari Nicodemus alikuwa mwisho wa meza. Akasema, "Kipimo ni sahihi, nilikirudia mwenyewe." Basi.

Uamuzi: sikufukuzwa. Narudia mwaka wa tatu, wote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Wenzangu watavaa joho wakiniacha. Baba Mdogo ameandika kwamba hii ni ishara niende ualimu. Nimemjibu kwa neno lile lile la Februari.

Na mwaka huo wa kurudia sitaukaa bure. Nimeomba, na nimekubaliwa, kupima vyakula vyetu: musherekha wa Bungoma, majivu ya Wajaluo wa Seme, omena, mrenda, kunde. Ukurasa usiokuwepo nitauandika mwenyewe.

Hujanijibu tangu Agosti. Nijibu, hata kwa matusi.

Benta


Kisumu
20 Januari 1989

Benta binti ya dada yangu, kichwa cha jiwe,

Pokea matusi uliyoomba, yachague mwenyewe, nina kazi nyingi.

Ni kweli nilikasirika. Nilikaa na barua yako ya Septemba wiki mbili nisimwambie mtu. Ningekuwa karibu ningekuchapa na mwiko, kisha ningekukumbatia. Halafu daktari akanifuata dobini mwenyewe, barua yako mkononi, akasimama katikati ya mashuka mabichi, akaniuliza, "Mzee Wakhisi, musherekha unatengenezwaje?" Nikamweleza. Akaandika. Siku nyingine akaja tena, akauliza mboga gani, kiasi gani, nani wengine wanautumia. Nikamwambia, Daktari, waulize wagonjwa wako, kuanzia kitanda cha kwanza. Akawauliza. Wa figo walikuwa saba, na wanne, Benta, wanne walikuwa wanaletewa mboga ya majivu kutoka nyumbani kila siku kwenye bakuli, kwa sababu waliambiwa waache chumvi. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Zadock alikuja Jumapili. Alikula, akaomba maji. Akiwa mlangoni akauliza kama kweli unarudia mwaka mzima kwa hiari ya mdomo wako mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo ni kaka yangu kabisa," akavaa kofia akaenda. Sijui kama ni sifa au lawama, na sikumwuliza.

Mboga nachemsha, maji namwaga, na kila nikimwaga roho inauma, ninakuambia ukweli. Miguu ya mama yako imepungua, kiatu cha kushoto kimeingia. Yupo hapa nami, amekuja kuonwa na daktari, anataka niandike maneno yake bila kuyabadilisha, haya: "Mwambie arudie huo mwaka asinung'unike. Mimi chakula hiki kisicho na chumvi nakirudia kila siku."

Nilitaka kukuandikia mambo mengine lakini uji unataka kufurika, na hawa wapishi niliowakuta hapa walikuwa wanauchoma kila asubuhi tangu Mei. Angalia kona ya chini.

Mjomba wako,
Joram Wakhisi
Jikoni